Kupima Kaboni katika Udongo wa Shamba

UTANGULIZI

Wakulima wa Afrika ya Mashariki wanajua tangu zamani kwamba shamba lililofyekwa msituni huzaa vizuri kwa misimu michache, kisha huchoka. Rangi ya udongo wake hupauka, maji ya mvua hutiririka juu badala ya kupenya, na mavuno hupungua mwaka hadi mwaka. Kwa lugha ya kemia, sehemu kubwa ya kuchoka huko ni kupotea kwa mboji, na zaidi ya nusu ya uzito wa mboji ni kaboni. Kaboni hiyo haikutoweka. Viumbe vidogo vya udongoni viliila na kuipumua, nayo ikapanda hewani ikiwa kaboni dioksaidi, ambayo watu wengi huiita hewa ya ukaa.

Inakadiriwa kwamba tangu binadamu alipoanza kulima na kufuga, udongo wa dunia umepoteza zaidi ya tani bilioni 100 za kaboni kwa njia hiyo. Hata hivyo udongo ungali ghala kubwa mno. Katika mita moja ya juu ya udongo wa dunia mna takriban tani bilioni 1,500 za kaboni itokanayo na viumbehai, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko kaboni yote iliyomo hewani.

Kutokana na hayo lilizuka wazo la kuirudisha ardhini kaboni iliyotoka ardhini. Tarehe 1 Desemba 2015, wakati wa mkutano wa hali ya hewa uliofanyika Paris, Ufaransa ilizindua mpango uitwao "4 kwa 1000". Shabaha yake ni kwamba kaboni ya udongo iongezeke kwa sehemu 4 katika kila sehemu 1,000 kila mwaka, ili kupunguza kasi ya ongezeko la kaboni dioksaidi hewani. Pia imekuwapo miradi ambayo huwalipa wakulima kwa kila tani ya kaboni dioksaidi inayosemekana kwamba wameizuia katika mashamba yao.

Hapo ndipo linapozuka swali la kisayansi. Magunia ya mahindi hupandishwa kwenye mizani mbele ya muuzaji na mnunuzi, na kila mmoja husoma kipimo kwa macho yake. Tani moja ya kaboni iliyotawanyika katika udongo wa shamba zima haiwezi kupandishwa kwenye mizani. Je, hujulikanaje kwamba imo? Na hujulikanaje kwamba mwaka jana haikuwamo? Makala haya yanaeleza jinsi kaboni ya udongo inavyopimwa, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

1. KABONI HUINGIA NA KUTOKA

Kaboni huingia udongoni kwa mlango mmoja mkubwa, nao ni mmea. Jani huchukua kaboni dioksaidi kutoka hewani na, kwa nguvu ya mwanga wa jua, huigeuza kuwa sukari. Sukari hiyo hujenga shina, mizizi, majani na mbegu. Mizizi inapokufa, mabua yanapoachwa shambani, au ng'ombe anapokula majani na samadi yake kurudishwa shambani, sehemu ya kaboni hiyo huingia katika udongo.

Mlango wa kutokea ni upumuaji wa viumbe vidogo, hasa bakteria na kuvu. Hao hula mabaki ya mimea ili wapate nguvu, na katika kula huko hurudisha kaboni dioksaidi hewani. Sehemu kubwa ya mabaki yaliyofukiwa huliwa katika mwaka wa kwanza. Sehemu ndogo tu hudumu, ama kwa kushikamana na chembe za mfinyanzi, ama kwa kujificha ndani ya mabonge madogo ya udongo ambamo viumbe hao hawaifikii kwa urahisi. Ndiyo sababu udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hushika kaboni nyingi kuliko wa kichanga, na nyanda za juu zenye baridi hushika nyingi kuliko nyanda za joto zenye mvua sawa.

Basi udongo unafanana na pipa lenye bomba la kuingiza maji na tundu la kuyatoa. Kimo cha maji katika pipa hilo hakitegemei bomba peke yake. Mkulima aliyetia tani tano za samadi hajahifadhi kaboni yote iliyokuwamo katika tani hizo, bali ameongeza maji katika bomba. Kaboni iliyohifadhiwa ni tofauti ya kimo cha pipa kati ya siku mbili. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya somo hili: kuhifadhi kaboni hakupimwi kwa kilichotiwa shambani, bali kwa tofauti ya vipimo viwili vya udongo wenyewe.

2. VITU VITATU VINAVYOPIMWA

Ili kujua uzito wa kaboni katika shamba, hapana budi kujua mambo matatu. La kwanza ni kina cha udongo unaopimwa. La pili ni densiti ya udongo mkavu, yaani uzito wa udongo uliokaushwa katika kila sentimeta moja ya ujazo, pamoja na nafasi zake za hewa. La tatu ni asilimia ya kaboni katika udongo huo.

Ichukuliwe hekta moja yenye udongo wa densiti 1.3, ambao una kaboni asilimia 1.5 hadi kina cha sentimeta 30. Hesabu yake ni hii:

Ujazo wa udongo: mita za mraba 10,000 × mita 0.3 = mita za ujazo 3,000.
Uzito wa udongo: 3,000 × 1.3 = tani 3,900.
Uzito wa kaboni: 3,900 × 1.5 ÷ 100 = tani 58.5.

Atomu ya kaboni ina uzito wa 12, na molekuli ya kaboni dioksaidi ina uzito wa 44. Kwa hiyo tani 58.5 za kaboni ni sawa na 58.5 × 44 ÷ 12, yaani tani 214.5 za kaboni dioksaidi. Msomaji wa taarifa za miradi ya kaboni aangalie sana ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotajwa, maana tarakimu ya pili ni karibu mara nne ya ile ya kwanza.

3. KAZI YA MAABARA

Njia iliyoenea zaidi katika maabara za nchi zinazoendelea ni ile iliyotangazwa mwaka 1934 na Walkley na Black. Udongo uliosagwa hutiwa potasiamu dikromati na asidi kali ya salfuriki. Dikromati huunguza kaboni kwa msaada wa joto linalotokana na asidi hiyo inapochanganyika na maji, kisha dikromati iliyobaki hupimwa kwa kudondosha myeyusho mwingine kutoka katika bureti. Njia hii ni rahisi na haihitaji mashine ghali, lakini ina upungufu. Haiunguzi kaboni yote, bali kwa wastani kama robo tatu tu, na kwa hiyo jibu huzidishwa kwa takriban 1.3. Kizidisho hicho ni wastani, na udongo mmoja hutofautiana na mwingine. Tena dikromati ni sumu, na mabaki yake hayafai kumwagwa ovyo.

Njia iliyo sahihi zaidi ni kuunguza udongo mkavu katika oksijeni kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kupima kaboni dioksaidi inayotoka. Mashine hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hata hapo tahadhari inatakiwa. Udongo wenye chokaa una kaboni ya mawe, ambayo haikutokana na mboji, nayo huunguzwa pamoja na nyingine. Chokaa hiyo huondolewa kwanza kwa asidi, au hupimwa peke yake na kutolewa katika hesabu.

Njia ya tatu ni kumulika udongo kwa miali isiyoonekana ambayo iko upande wa pili wa rangi nyekundu. Kila udongo hurudisha miali hiyo kwa namna yake, na mboji ina alama zake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi, kimekuwa miongoni mwa vituo vilivyotangulia katika njia hii. Kumulika ni rahisi na ni haraka, lakini kifaa hakijui kaboni ni nini. Hufundishwa kwa sampuli ambazo kaboni yake imekwisha pimwa kwa kuunguzwa. Kikipelekwa kwenye aina ya udongo ambayo hakikufundishwa, jibu lake haliaminiki.

4. TATIZO LA TOFAUTI NDOGO

Maabara hupima gramu chache tu, ilhali shamba la hekta moja lina maelfu ya tani za udongo. Ugumu mkubwa zaidi hauko maabara, bali uko shambani.

Shamba hata moja haliko sawa kila mahali. Palipokuwa na zizi pana mboji nyingi, na vivyo hivyo chini ya mti na palipokuwa na kichuguu. Mteremko nao una sheria yake. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, akiwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alionyesha kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni, kama pingu za mnyororo. Mpangilio huo aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo linatumika hadi leo katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote. Mtu anayechukua sampuli mwaka huu kileleni na mwaka ujao bondeni atapata "ongezeko" kubwa la kaboni, ingawa hakuna lililoongezeka.

Na irudiwe hekta ile ya tani 58.5. Mkulima wake akifikia shabaha ya 4 kwa 1000, ataongeza tani 0.234 za kaboni kila mwaka. Katika miaka mitano hizo ni tani 1.17. Zikigawanywa katika tani 3,900 za udongo, asilimia ya kaboni itapanda kutoka 1.50 hadi 1.53. Tofauti inayotafutwa ni 0.03 tu.

Sasa ichukuliwe kwamba sampuli za shamba hilo hutofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa mchepuko wa 0.3, jambo ambalo si la ajabu. Mchepuko huo ni mara kumi ya tofauti inayotafutwa. Kanuni ya takwimu inasema kwamba sampuli n zikichukuliwa mwanzoni, na n nyingine mwishoni, kosa la tofauti ya wastani hizo mbili ni:

0.3 × √(2 ÷ n)

Ili tofauti iaminike, yafaa iwe angalau mara mbili ya kosa lake. Kwa tofauti ya 0.03 kosa lisizidi 0.015, na mwanafunzi akikokotoa atapata n = 800. Maana yake ni sampuli 800 mwanzoni na 800 baada ya miaka mitano, katika hekta moja!

Lakini mkulima huyo akiendelea kwa miaka 20, ongezeko litakuwa tani 4.68, na tofauti ya asilimia itakuwa 0.12. Kosa likiwa 0.06, n inakuwa 50. Tofauti imekua mara nne, na sampuli zinazohitajika zimepungua mara kumi na sita. Wakati, basi, hufanya kazi ambayo fedha haziwezi kuifanya.

Wataalamu wana mbinu za kupunguza mzigo huo. Shamba hugawanywa kwanza kwa kufuata mteremko na aina ya udongo, na kila sehemu huchukuliwa sampuli zake. Vituo vya kuchukulia sampuli huwekewa alama ili mpimaji arudi pale pale baada ya miaka. Mashamba mengi yanayofanana huunganishwa katika hesabu moja. Mbinu hizi husaidia sana, lakini haziondoi ukweli kwamba anayedai kupima ongezeko la kaboni katika shamba moja dogo baada ya mwaka mmoja au miwili anadai jambo ambalo vipimo vyenyewe haviwezi kulithibitisha.

5. MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza: udongo ulioshindiliwa. Ile hekta yetu ya mfano ikanyagwe na ng'ombe au trekta mpaka densiti ipande kutoka 1.3 hadi 1.4. Mpimaji anachimba sentimeta 30 kama mwanzo. Uzito wa udongo anaoupima sasa ni tani 4,200, na asilimia ikibaki 1.5, kaboni inakuwa tani 63. Zimeonekana tani 4.5 za ziada, karibu sawa na kazi halali ya miaka 20 katika mfano uliotangulia, na hakuna hata gramu moja iliyoongezeka! Kilichotokea ni kwamba udongo uliokuwa chini ya sentimeta 30 umepanda na kuingia katika kipimo. Vivyo hivyo shamba lililotoka kutifuliwa huonekana kama limepoteza kaboni. Dawa yake ni kulinganisha uzito ule ule wa udongo, si kina kile kile.

Mtego wa pili: kina kifupi. Shamba linapoacha kutifuliwa, mabaki ya mimea hubaki juu, na kaboni hujikusanya katika sentimeta chache za kwanza. Shamba linalolimwa kwa plau huyafukia mabaki hayo, na kaboni yake huenda chini. Sampuli zikichukuliwa katika sentimeta 10 au 20 tu, shamba lisilotifuliwa litaonekana tajiri. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi wa Marekani lilipitia upya ushahidi wa jambo hili na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya sifa iliyopewa kilimo cha kutotifua ilitokana na sampuli zisizozidi sentimeta 30. Zilipochukuliwa zaidi ya hapo, mara nyingi faida hiyo haikuonekana. Kutotifua kuna manufaa mengine, kama kuzuia mmomonyoko na kutunza unyevu, lakini manufaa hayo yasichanganywe na tani za kaboni.

Mtego wa tatu: kuhamisha badala ya kuongeza. Samadi ikitolewa katika mashamba kumi na kutiwa katika moja, shamba hilo moja litanenepa na yale kumi yatakonda. Hewa haikupata nafuu kwa kuhamisha huko. Aidha mboji haijengwi kwa kaboni pekee. Kwa kawaida ina sehemu moja ya nitrojeni kwa kila sehemu 12 hivi za kaboni, kwa hiyo kuhifadhi tani moja ya kaboni hudai zaidi ya kilo 80 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo ikitoka katika mbolea ya chumvichumvi, sehemu yake huweza kugeuka nitrasi oksaidi, gesi ambayo kila kilo yake hupasha dunia joto kama mara 273 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi, kwa hesabu ya miaka 100.

6. USHAHIDI WA MASHAMBA YA MUDA MREFU

Kwa kuwa kaboni hubadilika polepole, ushahidi bora hutoka katika mashamba yaliyopimwa kwa miongo mingi. Jaribio la zamani kuliko yote yanayoendelea liko Rothamsted, Uingereza. Lilianzishwa na John Bennet Lawes pamoja na Joseph Henry Gilbert mwaka 1843, katika shamba la ngano liitwalo Broadbalk. Kishamba kinachotiwa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka sasa kina kaboni zaidi ya mara mbili ya kile ambacho hakikutiwa kitu. Lakini ongezeko hilo halikwenda kwa kasi moja. Lilikuwa la haraka katika miongo ya kwanza, kisha likapungua mno kadiri pipa lilivyokaribia kimo chake kipya. Katika shamba jirani la shayiri, Hoosfield, kishamba kimoja kilitiwa samadi tangu 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Kaboni yake ilianza kupungua mara, ingawa zaidi ya karne moja baadaye ilikuwa bado juu kuliko ya kishamba ambacho hakikupata samadi kamwe.

Mafunzo ni mawili. Udongo una kikomo cha kupokea, na kilichohifadhiwa huweza kutoka tena juhudi ikikoma. Mafuta ya petroli yaliyochomwa leo hayarudi ardhini, bali mboji iliyojengwa leo huweza kurudi hewani.

Katika Afrika ya Mashariki, jaribio lililoanzishwa mwaka 1976 huko Kabete, karibu na Nairobi, limelinganisha samadi, mbolea ya chumvichumvi na mabua ya mahindi katika udongo mwekundu wa mfinyanzi. Matokeo yake huwashangaza wengi: kaboni ilishuka hata katika vishamba vilivyotiwa samadi. Tofauti ilikuwa katika kasi tu. Palipotiwa samadi ilishuka polepole, na pasipotiwa kitu ilishuka haraka. Majaribio mengine, yaliyoanzishwa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kutolewa ripoti mwaka 2018, yalionyesha jambo kama hilo. Kilimo hifadhi na matumizi bora ya mbolea vilipunguza hasara ya kaboni, lakini kwa sehemu kubwa havikuiongeza kupita ilivyokuwa mwanzoni.

Msomaji azingatie tofauti iliyopo hapa. Shamba lililopoteza tani 10 badala ya tani 15 limeinusuru hewa na tani 5. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini udongo wa shamba hilo una kaboni kidogo kuliko mwanzo, na mtu akisema kwamba "limehifadhi" tani 5 huwafanya wasikilizaji waamini kinyume cha kilichotokea. Kila tarakimu ya kaboni iulizwe swali hili: imelinganishwa na nini? Ni na shamba hilo hilo la jana, au na shamba la jirani la leo?

7. MKULIMA NA SOKO LA KABONI

Mwaka 2014 mradi wa wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya, uliosimamiwa na shirika la Vi Agroforestry kutoka Sweden na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ulipata hati za kwanza za kaboni za aina yake kutokana na kilimo endelevu. Hati hizo zilikuwa za karibu tani 25,000 za kaboni dioksaidi. Udongo wa kila shamba haukupimwa. Wakulima waliulizwa wanavyolima: kama wanaacha mabua, wanatia samadi, wanapanda miti. Majibu yao yakaingizwa katika modeli ya hesabu iitwayo RothC, iliyotokana na majaribio yale yale ya Rothamsted.

Modeli kama hiyo hugawanya mboji katika mafungu yanayooza haraka na yanayooza polepole, kisha hukadiria mwezi kwa mwezi kinachobaki, kwa kufuata joto, mvua na kiasi cha mfinyanzi. Si uganga, wala si kipimo. Ni makadirio, na ubora wake hutegemea vipimo vya kuyasahihisha. Ndiyo maana takwimu za Kabete zimetumiwa kuijaribu RothC katika udongo wa Kenya. Bila mashamba ya namna hiyo, modeli iliyolelewa katika baridi ya Uingereza ingeachwa iseme ipendavyo juu ya mashamba ya ikweta.

Hata palipo na modeli nzuri, hesabu ya fedha haina budi kutazamwa. Tani 0.234 za kaboni kwa mwaka ni tani 0.858 za kaboni dioksaidi. Mkulima wa nusu hekta atapata nusu yake, yaani tani 0.43 hivi. Bei ikichukuliwa kuwa dola 10 kwa tani, huyo atastahili dola 4 na senti kadhaa kwa mwaka mzima, kabla ya gharama za wapimaji, wakaguzi na madalali. Kipimo cha kuaminika kwa shamba lake pekee kingeimeza fedha hiyo mara nyingi. Kipimo kisichoaminika nacho kina mwathirika wake. Tarakimu ikikuzwa, mwenye kiwanda aliyenunua hati huendelea kutoa moshi kwa kisingizio cha kaboni ambayo haimo ardhini. Tarakimu ikipunguzwa, mkulima hupunjwa jasho lake.

8. KAZI YA DARASANI

Densiti ya udongo huweza kupimwa katika shule yoyote yenye mizani.

(a) Uchukuliwe mkebe wenye kuta nyembamba, uondolewe kifuniko na kitako. Mkebe wa kipenyo cha sentimeta 7 na kimo cha sentimeta 8 una ujazo wa 3.14 × 3.5 × 3.5 × 8, yaani takriban sentimeta za ujazo 308.

(b) Mkebe ugongwe taratibu kwa kipande cha ubao mpaka ukingo wake wa juu ulingane na ardhi. Uchimbuliwe kwa uangalifu, na udongo uliozidi ukatwe kwa kisu.

(c) Udongo wote wa ndani ukaushwe katika oveni yenye nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito wake usibadilike tena, kisha upimwe. Ukiwa gramu 400, densiti ni 400 ÷ 308, yaani 1.3.

(d) Kipimo kirudiwe mara tano katika kila mahali: shambani, chini ya mti, na kwenye njia ya miguu. Wanafunzi watafute wastani wa kila mahali, na watazame jinsi vipimo vitano vya mahali pamoja vinavyotofautiana. Tofauti hizo ndizo somo lenyewe.

Njia ya dikromati isijaribiwe darasani, kwa sababu ya sumu yake.

HITIMISHO

Samadi, mabua, miti shambani na makinga maji vina faida ambazo mkulima huziona bila maabara: udongo hushika maji, mbolea haichukuliwi ovyo na mvua, na mazao hustahimili ukame. Faida hizo zinatosha kuwa sababu ya kuyafanya hayo, hata kama soko la kaboni lisingekuwapo. Madai ya tani za kaboni ni jambo jingine, nayo hayana budi kuthibitishwa kwa sampuli za kutosha, zilizochukuliwa kwa kina cha kutosha, zikalinganishwa kwa uzito ule ule wa udongo, kwa miaka ya kutosha. Mwanafunzi atakayelielewa somo hili ataweza kusimama katika mkutano wa kijiji chake, mkataba wa kaboni unapoletwa, na kuuliza maswali manne: mmepima kina gani, sampuli ngapi, kwa miaka mingapi, na mmelinganisha na nini?

MASWALI

1. Shamba la hekta 2 lina udongo wa densiti 1.1 na kaboni asilimia 2.2 hadi sentimeta 30. Tafuta uzito wa kaboni, na uzito wa kaboni dioksaidi ulio sawa nao. (Majibu: tani 145.2, tani 532.4.)

2. Kwa kutumia kanuni ya sehemu ya 4, onyesha idadi ya sampuli zinazohitajika ikiwa mchepuko ni 0.15 badala ya 0.3, na tofauti inayotafutwa ni 0.03. Je, kugawanya shamba kwa kufuata mteremko kunaweza kusaidiaje? (Jibu la hesabu: 200.)

3. Mkulima ametandaza samadi aliyoinunua kijiji cha pili, na kaboni ya shamba lake imepanda. Jadili kama hewa imepata nafuu.

4. Eleza kwa nini ongezeko la kaboni huko Broadbalk lilipungua kasi ingawa samadi iliendelea kutiwa kila mwaka.